Safari ya Bavaria Tuliyoifanyia Guangzhou

Baba yangu alikuwa akiipanga safari ya kwenda kuonja bia Bavaria tangu kabla sijajua Bavaria ni nini. Nilipoletwa Guangzhou, China, nikiwa darasa la sita, nilidhani ni jina la kiwanda kingine cha jinzi huko Xintang, maana Baba na wenzake walilitaja wakiwa wamekalia marobota, mikono ina rangi ya bluu mpaka kwenye kucha. Baadaye nikaelewa kwamba ni jimbo la Ujerumani, upande wa kusini, ambako karibu kila kijiji kina watu wake wa kupika bia, kama kwetu Kilimanjaro ambako hukosi mama wa kupika mbege, pombe yetu ya ndizi, hata uende kihamba gani, shamba la ukoo gani.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa mmoja wa hao akina mama. Baba alipokuwa mtoto alikuja fundi wa Kijerumani, mtu wa Bavaria, kutengeneza paa la kanisa, na akishuka kwenye ngazi alikuwa anakwenda moja kwa moja kwa Bibi kunywa. Siku moja akauliza uchungu ule mzuri unatoka wapi. Bibi akamwonyesha gome la mti wa msesewe. Fundi akalinusa, akacheka, akasema kwao hawatii gome, wanatia maua. Neno hilo Baba hakulisahau. Maua ndani ya pombe! Alitaka siku moja ayaone kwa macho yake na ayanuse.

Nieleze na jambo jingine, kwa sababu bila hilo mengine yote hayataeleweka. Kwetu pombe haimfikii mgeni kabla aliyeileta hajaionja. Bibi alikuwa anachota kwa kata, kile kibuyu kilichokatwa chenye mkia wa kushikia, anapiga funda mbele ya wazee wote, anasubiri kidogo, kisha anasema, "Haina neno." Maana yake haina sumu wala kinyongo, kunyweni. Hiyo ndiyo kuifungua pombe. Kabla haijafunguliwa hakuna anayegusa, hata awe na kiu ya wiki nzima.

Huku Guangzhou Bibi hakuwepo, kwa hiyo Baba ndiye aliyefungua. Kila Jumapili baada ya ibada, chumbani kwetu mtaa wa Kangle, juu ya karakana ya kushona ambayo cherehani zake hazikujua Jumapili, alikuwa anafungua chupa ya bia ya Kijerumani iliyonunuliwa supamaketi, anaimimina kwenye kata aliyotoka nayo nyumbani, anapiga funda, anasema neno lake. Wengi walikuja na kuondoka, lakini wawili hawakukosa. Wa kwanza ni Mpare wa Usangi, mfanyabiashara wa jinzi kama Baba. Mimi humwita Anko, lakini hapa nitamwita Mtani kama Baba alivyomwita, kwa sababu Wachaga na Wapare ni watani na hao wawili waliutimiza utani huo bila kupumzika. Wa pili ni mama mmoja wa Lubumbashi, muuza vitambaa wa soko la Zhongda, mkubwa wa mwili na wa sauti. Tulimwita Mama Lubumbashi.

Mtani alikuwa akimwambia Baba, "Mwanaume mzima unafanya kazi ya mama yako." Baba anamjibu, "Na wewe mwanaume mzima unaisubiri." Halafu Mtani anaonja, anakunja uso, na kusema maneno yaleyale ya kila Jumapili, kwamba si mbaya, lakini haijaifikia dengelua, ile pombe ya miwa ya kwao. Hakukuwa na bia duniani iliyowahi kuishinda dengelua. Baba naye alikuwa na majibu yake kuhusu dengelua, na mengine hayafai kuandikwa.

Mimi nilikaa karibu na mlango na vitabu vyangu. Nina aibu. Nikisikia tu jina langu masikio yanapata moto. Lakini Kichina changu kilikuwa kizuri kuliko cha wote mle ndani, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu, kwa sababu mtu wa aibu hapaswi kuwa mdomo wa watu wengine.

Safari ilishindikana kwa sababu ya msimu. Baba alituambia Bavaria ina bia ya kila msimu. Kuna bia nzito ya Machi, ya Kwaresma, ambayo watawa wa zamani walikuwa wanaishi nayo wakiwa wamefunga chakula. Kuna ya Mei, wanaposimamisha mti mrefu katikati ya kijiji na kucheza kuuzunguka. Kuna ya vuli, ya kwenye mahema makubwa, na hiyo ndiyo aliyoitaka yeye. Lakini vuli ndipo kontena za Krismasi zinapopakiwa. Mtani alisema waende Machi. Machi ndipo Mama Lubumbashi anapopokea vitambaa vipya. Mei kuna lingine. Basi wakabishana, wakacheka, wakaahirisha, mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine. Baba alikuwa anasema kontena ni kama mtoto mchanga, huwezi kumwachia jirani ukaenda kunywa.

Ugonjwa ulianzia kwenye sauti. Ilikwaruza, tukasema ni vumbi la jinzi. Kisha akawa anakunywa maji kila anapomeza ugali. Kisha akaacha ugali. Mwisho akawa anaishi kwa maji ya juu ya uji wa mchele, kijiko kwa kijiko, na kila kijiko alikuwa anakifikiria kwanza.

Hospitali nilikwenda naye mimi, kwani nani mwingine angekwenda? Mama alikuwa Moshi na wadogo zangu. Daktari aliongea akitazama kompyuta, akamaliza, akanitazama. Baba akaniambia nieleze yote kama yalivyosemwa, nisipunguze wala nisiongeze. Nikasema.

"Baba, uvimbe umefika pabaya. Anasema hawataweza kuutoa. Anasema kama unataka kwenda nyumbani, uende sasa wakati bado unaweza kukaa kwenye ndege."

Baba alifunga kifungo cha shati. Halafu akasema, "Mwambie asante." Nikamwambia. Daktari ndiye aliyeinamisha uso, mimi niliendelea kumtazama tu, sijui kwa nini.

Ikaamuliwa Mama aje kumchukua. Mimi nibaki, nikae kwa Mtani na mke wake huko Xintang mpaka nimalize mwaka wa shule. Hilo aliliamua Baba mwenyewe na sikubishana naye. Nilikwenda tu kuosha vyombo ambavyo vilikuwa tayari safi.

Siku chache kabla Mama hajafika, Mtani alikuja, akakaa pembezoni mwa kitanda, akamtazama Baba ambaye shati lilikuwa linamning'inia.

"Mchaga," akasema, "sisi hatuwezi kukuruhusu ufe kabla hujatupeleka Bavaria. Tumekungoja sana, na mimi nilishawatangazia watu."

Mimi nilishtuka. Baba alicheka, kile kicheko cha hewa tupu alichobaki nacho. Watani wanaruhusiwa, na nadhani Baba alikuwa amechoka na watu waliokuwa wanamwongelesha kwa upole. Mtani akaeleza kwamba yeye na Mama Lubumbashi wamezunguka wakaona Bavaria ipo hapahapa mjini. Kuna nyumba ya bia kando ya mto inayopika bia ya Kwaresma mwaka mzima. Kuna hoteli iliyoweka hema la sherehe za vuli. Kuna kijiwanda cha bia ndani ya karakana ya zamani, hapohapo Haizhu, wilaya yetu. Misimu yote kwa siku moja, na hakuna kontena litakaloharibika.

Baba alimwita Mtani asogee. Kisha akasema kwa kunong'ona, "Sharti moja. Nafungua mimi."

Sote tulijua kwamba tangu juma lililopita hata maji matupu yalikuwa yanarudi mara nyingine. Lakini ndicho alichokitaka, awafungulie watu wake kata mara moja ya mwisho, ameze, na aseme neno lake. Mtani akasema sawa.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Mama angefika kesho yake. Oktoba ya Guangzhou bado ni joto, na Baba alivaa koti kwa sababu yeye pekee alikuwa anasikia baridi. Mtani alisukuma kiti cha magurudumu kati ya baiskeli za matairi matatu zilizopakia majora ya vitambaa, akipiga kelele za kuomba njia kwa Kipare, na ajabu ni kwamba watu walimpisha. Mimi nilibeba kata kwenye begi la shule, nimeifunga kwa kipande cha jinzi.

Kule kando ya mto wahudumu walikuwa wasichana wa Kichina waliovaa magauni ya Kibavaria na aproni zenye lasi. Bia ilikuja nyeusi, nzito, na harufu ya mkate ulioungua kidogo. Baba akatueleza tena habari za watawa waliofunga, na ilibidi tusogeze vichwa ili tumsikie. "Na mimi sasa ni mtawa," akasema. "Niko Kwaresma." Nikammiminia kidogo kwenye kata.

Alipiga funda. Nilimwona akilishikilia mdomoni, macho ameyafumba, kisha akajaribu kulimeza na halikupita. Alikohoa mpaka povu likamtoka puani. Msichana mmoja alikuja mbio na karatasi za kufutia. Baba akajifuta, akatufanyia ishara kwa mkono, tunywe tu, tunywe.

Mtani aliweka glasi yake mezani. "Hujasema neno," akamwambia.

Mama Lubumbashi naye akasukuma yake mbele. "Bon, haya," akasema, "tutangoja. Bia haina miguu."

Tukakaa pale, tukala mkate, tukaondoka tukaacha glasi zimejaa. Yule msichana alitufuata hadi mlangoni akaniuliza kama bia ilikuwa mbaya. Nikasema hapana, nzuri. Akasema, "Lakini hamkuionja." Nikakimbilia kiti cha Baba. Mtani alikuwa tayari anamwambia kwamba kosa ni la msimu, Ulaya Machi ni baridi na koo linaganda, sasa twende Oktoba.

Hema la hoteli lilikuwa na bendera za bluu na nyeupe, na bendi, na watu wamesimama juu ya mabenchi. Kila bendi ilipopiga wimbo fulani, hema zima liliinua vikombe na kunywa kwa pamoja. Meza yetu tu ilitulia. Safari hii Baba aliacha povu lilale kwanza, kisha akalowesha midomo na kuvuta tone. Uso ukamkunjamana. Akatoa leso, akaiweka mdomoni, akaikunja haraka, lakini nilikaa upande wake na niliona wekundu. Alijua kuwa nimeona. Akaiweka leso mfukoni, na sote wawili tukatazama bendi.

Hapo akaja kijana mmoja wa Kichina mwenye uso mwekundu na kikombe kikubwa, akamsimamia Mtani, akapaza sauti, "Ganbei!" yaani tukaushe vikombe. Nimemwona Mtani akikausha glasi na wenye viwanda wa Xintang kwa miaka yote, hata siku ambazo tumbo lilikuwa linamuuma, maana huku kumkatalia mtu ganbei ni kumdharau. Siku ile alishika kikombe chake kimejaa na hakukiinua. Alisema "bu yao," sitaki, kama unavyomwambia mchuuzi wa soksi. Kijana akaduwaa, kisha akaanza kukasirika. Wote wakanigeukia mimi niseme kitu. Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yote, kwa mpangilio mzuri, lakini hayakutoka. Mama Lubumbashi akainuka, akamshika kijana mikono yote miwili, akaenda kucheza naye mpaka upande wa pili wa hema.

Aliporudi anahema, Baba alikuwa ananivuta mkono. "Twendeni nyumbani," akaniambia sikioni. "Imetosha."

Nikamwambia Mtani. Mtani akaanza kusukuma kiti kuelekea njia ya kile kijiwanda, kituo chetu cha tatu. Nikamwambia tena. Akasema, "Nimesikia," akaendelea kusukuma.

Hicho kijiwanda kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza chache mbele na mapipa ya shaba nyuma. Laoban, mwenye mali, alikuwa mtu wa makamo, nywele za mvi, mabuti ya mpira, asiye na tabasamu la biashara. Alituletea bia yake ya vuli, rangi ya kahawia ya asali. Nikaitoa kata. Baba hakuipokea. Mikono yake ilikaa magotini. Mtani hakuwa na mzaha wowote, na hilo ndilo lililonitisha. Tulikaa mbele ya glasi zetu mpaka povu likaisha.

Laoban alikuwa anatuangalia. Mwishowe alikuja, akasimama mbele ya meza yetu, akauliza bia yake ina nini. Aliuliza kama mtu ambaye mtoto wake ametukanwa.

Wakanitazama. Masikio yakapata moto. Nilimtazama Baba ili anisaidie, naye hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama yale mapipa nyuma yanayofuka mvuke, kama mtu anayeangalia basi lililomwacha. Nikaongea. Niliongea kwa sauti ndogo mpaka laoban akainama. Nilimwambia bia haina kitu. Nilimwambia kwetu haiwezi kunywewa mpaka aliyeileta aifungue, na aliyeileta ni huyu baba yangu, na koo lake limeziba kwa ugonjwa, na kesho mama yangu anafika kumchukua, na hatarudi tena, na hawa wenzake wamezunguka naye siku nzima bila kunywa hata tone, na sisi hatujui tufanyeje. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote maneno mengi kiasi kile, kwa Kichina wala kwa Kiswahili.

Laoban hakusema pole. Aliuliza tu, "Vuguvugu anaweza?" Nikasema mara nyingine anaweza. Akaenda nyuma.

Alirudi na jagi dogo. Alinieleza kwamba leo ndiyo alikuwa anapika, na haya ni maji ya kimea, shayiri iliyooteshwa ikasagwa na kulowekwa kwenye maji moto. Hayajachemshwa, hayajatiwa hamira, hayana gesi wala ukali. Nikamtafsiria Baba, nikamimina kwenye kata.

Aliishika kwa mikono miwili. Alinusa. Akanusa tena. Kisha uso wake ukabadilika, siwezi kueleza ulibadilikaje, labda niseme ulikuwa mdogo, uso wa mtoto.

"Hii togwa," akasema, kile kinywaji kitamu cha kimea cha watoto.

Akapiga funda dogo. Akalishikilia. Mtani alikuwa ameshika mgongo wa kiti na vidole vyake vilikuwa vimekaza. Nilitazama shingo ya Baba, ile shingo nyembamba, nikaona kitu kikipanda na kushuka. Tukangoja akohoe. Hakukohoa. Akapiga jingine, nalo likapita.

"Haina neno," akasema.

Mtani akaweka mkono sikioni. "Eti? Sisi Wapare hatusikii vitu vya bure."

"Haina neno, Mpare kiziwi. Kunyweni."

Wakanywa. Bia ilikuwa imelala kabisa, haina povu hata chembe, na walikunywa kama watu waliotoka kulima. Mama Lubumbashi alifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Mtani alikunja uso wake wa kila Jumapili akasema si mbaya, lakini dengelua bado iko mbele. Baba akasema dengelua iko mbele kwa sababu wanaoinywa wote wameanguka nyuma. Laoban alisimama palepale na jagi lake. Hakuelewa hata neno moja, na hakuondoka.

Halafu Baba akaniambia niombe ua. Niliuliza. Laoban akaleta maua ya hopsi yaliyokaushwa, akamwekea Baba kiganjani: vitu vyepesi vya kijani kama vijimbegu vilivyovaa magamba ya karatasi. Baba alisugua kimoja kwa kidole, akakinusa, akakaa nacho puani muda mrefu.

"Yule fundi hakudanganya," akasema. Kimoja akakitia kwenye mfuko wa shati.

Mwisho alinipa mimi kata, ikiwa na togwa ya laoban iliyobaki chini. Akaniambia ninywe, hii hailevyi, hata Bibi alianzia kwenye togwa. Nikanywa. Ilikuwa tamu, nzito, na nyuma yake kuna ladha ya nafaka mbichi.

"Sasa sema," akasema.

Walikuwa wananitazama, wote, hata laoban. Nikatazama chini.

"Siku nyingine," Baba akasema, akanipapasa kichwa.

Mama alifika, akamfungia mizigo, akamchukua. Uwanja wa ndege Baba alinishika mkono mpaka kiti chake kilipogeuzwa, na hakusema kitu kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Mimi pia sikusema kitu, na sauti ninayo.

Siku moja Mama akapiga simu kutoka nyumbani, anafua. Akaniuliza ni mdudu gani huyu mkavu kwenye shati la baba yako, nusura nimtupe.

"Si mdudu, Mama," nikasema. "Ni ua la pombe. Mrudishie mfukoni."

Baadaye aliniambia alimrudishia, na hata kwenye suti ya mwisho alihakikisha lipo.

Habari ilinikuta shule. Nauli na mtihani vilifanya nisiende kuzika, na hilo sitaki kuliandika sana. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mtani na Mama Lubumbashi walikutana sebuleni kwa Mtani, Xintang, mahali ninapoishi sasa. Mtani alikuwa ametoka asubuhi peke yake na kata mkononi, bila mkalimani. Alisimulia kwamba laoban aliitazama kata, akatazama nyuma ya Mtani, hakuona kiti cha magurudumu. Alikwenda nyuma akajaza majagi mawili, moja la bia ya vuli, moja la togwa.

Bia ikamiminwa. Glasi zikakaa mezani na povu lake. Hakuna aliyeigusa. Mke wa Mtani, ambaye si Mchaga wala hanywi, naye alitulia na bilauri yake ya maji. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango kama kawaida yangu, na ikanichukua muda kuelewa wanamngoja nani.

Nikainuka, nikamimina togwa kwenye kata, nikapiga funda. Ilipita vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza, ilivyopita kirahisi. Nikafungua mdomo kusema na koo langu likafanya kama la Baba, likaziba.

Povu likaanza kushuka kwenye glasi.

"Wachaga bwana," Mtani akasema, anatazama dari. "Hata maneno mawili wanayapandishia bei."

Mama Lubumbashi akamfyonza. Mimi nikacheka, na ndani ya kicheko kilio kikatoka, na nyuma ya kilio maneno.

"Haina neno."

Mtani akaweka mkono sikioni.

"Haina neno, Anko. Kunyweni."

Wakanywa. Mtani alimaliza glasi yake yote, akaiweka mezani, akakigeukia kiti alichokuwa anakalia Baba akija kwake. Hakukunja uso.

"Haya, Mchaga," akasema. "Nakubali. Hii imeishinda dengelua."

Akangoja kidogo, kama alivyozoea kungoja arudishiwe utani.